Umbali Ndio Unaochagua Lenzi

Mtu anayenunua lenzi kwa ajili ya maonyesho ya ndege hudhani uamuzi ni wake na mfuko wake. Kumbe nusu ya uamuzi huo ulishafanywa zamani na watu wasiohusika na picha hata kidogo: waandishi wa kanuni za usalama wa anga. Wao ndio wanaosema ndege ipite umbali gani kutoka walipo watazamaji. Umbali ukishajulikana, hesabu ya lenzi haina siri tena.

Kanuni hizo zimetokana na misiba. Tarehe 28 Agosti 1988, katika kambi ya Ramstein, iliyokuwa Ujerumani Magharibi, ndege tatu za kikosi cha sarakasi cha Italia, Frecce Tricolori, ziligongana hewani na moja ikawaangukia watazamaji. Watu 70 walikufa na mamia wakajeruhiwa. Julai 2002, mjini Lviv, Ukraine, ndege ya kivita aina ya Su-27 iliingia kwenye umati ikaua watu 77. Agosti 2015, huko Shoreham, Uingereza, Hawker Hunter ya zamani ilishindwa kumaliza mzunguko wake ikaanguka kwenye barabara kuu nje ya uwanja. Watu 11 walipoteza maisha. Baada ya kila ajali, wasimamizi wa anga walizipitia upya kanuni zao, na mara nyingi jibu lilikuwa kuisogeza ndege mbali zaidi na watu.

Marekani ina mfano ulio rahisi kueleweka. Mamlaka ya usafiri wa anga ya huko, FAA, imezigawa ndege za maonyesho katika makundi matatu kwa kuangalia kasi. Zile ambazo mwendo wake wa kawaida unazidi kilomita 450 hivi kwa saa, zikiwamo ndege za kivita, hufanya sarakasi zake umbali usiopungua futi 1,500 kutoka kwa umati, yaani mita 457. Za kasi ya kati hukaa futi 1,000, sawa na mita 305. Ndege nyepesi, ambazo mwendo wake hauzidi kilomita 290 hivi kwa saa, zinaruhusiwa kusogea hadi futi 500, ambazo ni mita 152. Namba hizo tatu zinamfaa mnunuzi wa lenzi kuliko tangazo lolote la dukani.

Hesabu ya mkononi

Kamera ya kihisi kikubwa, ile ambayo wapiga picha huiita ful-fremu, ina kihisi chenye upana wa milimita 36. Kihisi ndicho kile kibamba cha ndani kinachopokea mwanga. Chukua umbali wa ndege kwa mita, zidisha kwa 36, kisha gawanya kwa milimita za lenzi. Jibu linalopatikana ni upana wa kipande cha anga kitakachoingia kwenye picha.

Tuseme F-16, yenye urefu wa mita 15, inapita kwa ubavu umbali wa mita 457. Kwa lenzi ya milimita 200, picha inameza mita 82 za anga, na ndege haifiki hata moja ya tano ya upana huo. Kwa milimita 400, anga inayoingia ni mita 41, na ndege inachukua theluthi moja na ushee. Kwa milimita 600, inabaki mita 27, na F-16 inajaza zaidi ya nusu ya picha. Hapo ndipo kofia ya rubani, maandishi ya mkiani na ukungu mweupe unaojitokeza juu ya mabawa ndege inapokata kona kali vinapoanza kuonekana vizuri.

Sasa mlete Stearman, ndege ya mafunzo ya Marekani ya miaka ya 1930 yenye mabawa mawili yaliyopangwa moja juu ya jingine. Urefu wake ni kama mita saba na nusu, nusu tu ya F-16. Lakini kwa kuwa ni ya polepole, inaruhusiwa kupita mita 152 kutoka kwa watu. Kwa lenzi ya milimita 400, picha inachukua chini kidogo ya mita 14 za anga, na Stearman inajaza zaidi ya nusu, sawasawa na F-16 ilivyofanya kwa milimita 600. Halafu ikaja C-17 Globemaster, ndege ya mizigo yenye urefu wa mita 53. Ikipita mita 457, mtu mwenye milimita 400 ataikata pua au mkia, ilhali mwenye milimita 200 ataipata nzima na anga kidogo ya kupumulia.

Ndege zote hizo zaweza kuonekana alasiri moja. Oshkosh, katika jimbo la Wisconsin, ambako chama cha EAA huandaa maonyesho ya AirVenture kila mwishoni mwa Julai, zaidi ya ndege 10,000 hutua uwanjani hapo na katika viwanja vya jirani, na kwa miaka ya karibuni wageni wamezidi 600,000. Fairford, Uingereza, kwenye maonyesho ya Royal International Air Tattoo, mwaka 2003 zilikusanyika ndege 535, idadi iliyoingia katika kitabu cha rekodi cha Guinness. Mpiga picha wa maonyesho kama hayo anahitaji milimita 100 saa nane mchana na milimita 600 saa nane na dakika kumi. Ndiyo maana karibu wote waliozoea kazi hii hubeba zumu, lenzi inayovutika kutoka urefu mmoja hadi mwingine.

Kuna njia ya kuongeza nguvu ya lenzi bila kununua lenzi nyingine. Kamera za kihisi kidogo, zinazojulikana kwa jina la APS-C, zina kihisi chenye upana wa karibu milimita 24. Badilisha 36 iwe 24 katika hesabu yetu, na lenzi ya milimita 400 mbele ya F-16 inachukua mita 27 za anga, zilezile zilizochukuliwa na lenzi ya 600 kwenye ful-fremu. Kamera za Olympus, ambazo sasa huuzwa kwa jina la OM System, na za Panasonic zenye kihisi kidogo zaidi hufanya lenzi ya 300 ione kama ya 600. Mwenye bajeti ndogo asione haya kununua kihisi kidogo: kwa mchezo huu, udogo wake ni faida, hasa mchana wa jua kali ambapo upungufu wake gizani hauonekani.

Ngazi za lenzi

Ngazi ya kwanza ni zumu nyepesi. Wengi huanza na lenzi ya 70-300, ambayo kwenye APS-C inafika mbali vya kutosha kwa ndege za pangaboi na helikopta. Canon walitoa RF 100-400 mwaka 2021 kwa dola 649 za Marekani, na uzito wake ni gramu 635 tu, chini ya chupa ya maji ya lita moja. Tundu lake la mwanga ni dogo, f/8 linapovutwa hadi mwisho, na hilo huwatisha wanunuzi wanaoamini kwamba lenzi nzuri ni ile yenye f/2.8.

Woga huo hauna msingi mchana. Kanuni ya zamani ya wapiga picha wa filamu inasema kwamba juani, tundu likiwa f/16, kasi ya shata iwe sawa na ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga. Ukiweka ISO 400, unapata sehemu ya 400 ya sekunde kwa f/16, na ukifungua hadi f/8 unapata sehemu ya 1,600. Kasi hiyo inaigandisha ndege yoyote ya kivita. Lenzi ya f/8, basi, haikosi mwanga Oshkosh saa saba mchana. Itaukosa jioni, wakati wa maonyesho ya machweo ambapo injini zinatema moto, na itaukosa siku za mawingu mazito ya Uingereza.

Ngazi ya pili ni zumu za 100-400 na 100-500 za daraja la juu. Canon EF 100-400 toleo la pili, iliyotoka mwaka 2014, imekuwa kipenzi cha wapiga picha wa ndege kwa miaka mingi: ina uzito wa kilo moja na nusu na ushee, inashika fokasi haraka, na inashuka hadi milimita 100 pale kundi zima la ndege linapotawanyika mbele ya umati. Mtu mwenye kamera ya kisasa ya Canon isiyo na kioo anaweza kuitumia kwa adapta bila kupoteza kitu. Wa Nikon anapaswa kuwa mwangalifu zaidi: adapta ya kampuni hiyo inazifanyia kazi lenzi zenye mota ndani yake, lakini zile za kale zinazozungushwa na mota ya kamera hazitafokasi zenyewe.

Ngazi ya tatu ndiyo iliyobadilisha mchezo kwa watu wa kawaida. Tamron walipotoa zumu yao ya 150-600 mwishoni mwa mwaka 2013, na Sigma wakafuata na za kwao, milimita 600 zilitoka mikononi mwa wachache wenye maelfu ya dola. Sigma ya kundi la Contemporary ina kilo 1.9, ndugu yake wa kundi la Sports anakaribia kilo tatu. Nikon walijibu mwaka 2015 kwa 200-500 ya kilo 2.3, Sony wakaleta 200-600 mwaka 2019, na Nikon tena wakatoa 180-600 mwaka 2023 kwa dola zipatazo 1,700.

Hizi mbili za mwisho zina sifa moja ambayo picha za matangazo hazioneshi: zinavutwa ndani kwa ndani. Mwili wa lenzi haurefuki unapotoka 200 kwenda 600, kwa hiyo uzito hauhami mkononi katikati ya kufuata ndege. Mtu aliyewahi kushika zumu inayochomoza mbele huku akizungusha kiuno kufuata ndege ya kivita ya Typhoon anajua tofauti hiyo. Udhaifu wao uko upande wa pili, kwenye ufupi. Red Arrows wa Uingereza wakifika na ndege zao tisa na kupasuka pande zote mbele ya umati, milimita 200 huwakata. Wengi hubeba kamera ya pili yenye lenzi fupi, au huitoa simu mfukoni.

Juu ya zote kuna lenzi za milimita 600 zenye f/4. Bei yake ni dola zaidi ya 10,000, uzito wake ni kilo tatu hivi, na picha zake ni safi mno. Lakini lenzi kama hiyo haivutiki. C-17 ikipita, mwenye nayo atarudi nyumbani na picha ya dirisha la rubani na kipande cha bawa.

Kamera na sekunde zake

Lenzi ikishapatikana, kazi ya kamera ni moja kubwa: kutopotewa na ndege. F-16 inayopita kwa kilomita 740 kwa saa hukimbia zaidi ya mita 200 kila sekunde. Kile kipande cha mita 27 kinachoonekana kupitia lenzi ya milimita 600 inakivuka kwa kama sekunde 0.13 iwapo kamera imetulia. Mpiga picha lazima azunguke nayo, na fokasi lazima izunguke naye.

Kwa hiyo kitu cha kwanza kuuliza dukani ni fokasi endelevu, ile isiyofunga mahali pamoja bali inayoendelea kusogea pamoja na ndege. Nikon na Sony huiandika AF-C, Canon huiita Servo. Kamera za kioo za daraja la kati ziliimudu zamani. Nikon D500 ya mwaka 2016 ina nukta 153 za fokasi na inapiga picha 10 kwa sekunde. Canon 7D Mark II ya mwaka 2014 ina nukta 65 na kasi hiyohiyo. Zote mbili ni za kihisi kidogo, zote mbili zilitengenezwa na watu waliofikiria michezo na wanyama wanaokimbia, na zote mbili sasa zinapatikana mtumba kwa bei ambayo haikuwezekana zilipotoka.

Kamera za siku hizi zisizo na kioo zimeongeza akili ya kutambua kinachopigwa. Olympus E-M1X ya mwaka 2019 ilifundishwa kutambua ndege, magari na treni. Mwaka 2022 Sony A7R V na Canon R6 Mark II zilikuja na uwezo wa kutambua ndege, na Nikon Z8 ya mwaka 2023 ikawekewa chaguo la ndege peke yake. Kamera inachora kiboksi juu ya ndege, wakati mwingine juu ya kichwa cha rubani, na kukifuata hata mpiga picha akiyumba.

Je, akili hiyo ni ya lazima? Anga tupu ya buluu ni mandhari rahisi kuliko zote kwa fokasi, kwani hakuna kitu kingine cha kushika. Huko, D500 na Z8 hazipishani sana. Tofauti hujitokeza ndege inaposhuka chini na kupita mbele ya miti, au inapozunguka ndani ya moshi wake yenyewe. Kamera ya zamani huona mstari wa miti wenye mwanga na vivuli vikali, ikaishika miti na kuiacha ndege. Ile inayojua umbo la ndege hubaki nayo. Mtu anayepiga zaidi sarakasi za juu hawezi kusema ameibiwa akinunua ya zamani. Anayependa mipito ya chini ataona thamani ya pesa zake kwenye mpya.

Kasi ya picha 10 kwa sekunde inatosha. Sony A9 III ina uwezo wa picha 120 kwa sekunde, lakini picha zote hizo lazima mtu azipitie usiku. Muhimu zaidi ni kamera isisite katikati ya mpito kwa sababu kumbukumbu yake ya ndani imejaa; hapo kadi yenye kasi kubwa ya kuandika inaokoa picha nyingi kuliko kamera ghali yenye kadi dhaifu.

Pangaboi linalopinda

Kuna kosa moja linalowashtua wanunuzi wa kamera mpya. Wanapiga ndege ya pangaboi kwa shata ya kielektroniki, ile isiyotoa sauti, kisha picha inaonesha mabapa yaliyopinda kama ndizi, mengine yakielea hewani yamekatika kabisa na injini. Ndege haina hitilafu, na lenzi haina hitilafu.

Sababu ni jinsi kihisi kinavyosomwa: mstari kwa mstari, kutoka juu kwenda chini. Katika kamera nyingi za bei ya kati usomaji huo waweza kuchukua karibu sehemu ya 30 ya sekunde. Injini ya Cessna 172 ikizunguka mara 2,400 kwa dakika, pangaboi lake hupiga mizunguko 40 kila sekunde, kwa kuwa limeunganishwa moja kwa moja na injini. Mistari ya juu ya kihisi inapoanza kusomwa bapa liko pengine; ya chini inapomalizika, bapa limeshafanya mzunguko mzima na zaidi.

Dawa ya bure ni kuzima shata ya kielektroniki na kutumia ya kawaida, yenye mapazia. Nikon Z8 na Z9 hazina mapazia kabisa, ila kihisi chake kinasomwa haraka mno, takriban sehemu ya 270 ya sekunde, na upindaji unaobaki ni mdogo. Sony A9 III, iliyotangazwa Novemba 2023, ilikuwa kamera ya kwanza ya ful-fremu kusoma kihisi chote kwa mara moja. Ndani yake pangaboi halipindi hata kidogo, ila ilipotangazwa bei yake ilikuwa dola karibu 6,000.

Pangaboi lina mtihani wa pili. Ukipiga Cessna ileile kwa sehemu ya 1,000 ya sekunde, bapa linasogea nyuzi 14 tu, na picha inaonesha ndege iliyoning'inia hewani kana kwamba injini imezimika. Wapiga picha wa ndege hawalikubali jambo hilo. Kwa sehemu ya 160, kila bapa linafagia nyuzi 90, na mabapa mawili kwa pamoja yanachora nusu ya duara. Spitfire, ndege ya kivita ya zamani, ni ngumu zaidi. Injini yake ya Merlin ina giya inayopunguza mizunguko hadi chini ya nusu, kwa hiyo ikizunguka mara 2,400 kwa dakika pangaboi linafanya kama 1,145 tu, na sehemu ya 160 inachora nyuzi 43 kwa kila bapa. Mapanga ya helikopta ni ya polepole kupita yote: Chinook huzungusha yake mara 225 kwa dakika, na hata kwa sehemu ya 60 ya sekunde kila bapa linasogea nyuzi 22 na nusu.

Sehemu ya 60 ya sekunde kwa lenzi ya milimita 400 mkononi! Picha nyingi zitaharibika, na hata mabingwa hukubali hivyo. Hapo ndipo kizuia mtikisiko cha lenzi kinapolipa gharama yake, mradi kiwekwe katika hali ya kufuata kitu kinachokimbia. Canon na Sony huiita hali ya 2, Nikon wana ya Sport. Ikiachwa katika hali ya kawaida, lenzi inaweza kudhani mzunguko wa mpiga picha ni mtikisiko na kupigana nao.

Kasi ndogo juani huleta pia tatizo ambalo wakazi wa Dodoma na Naivasha watalielewa haraka: vumbi. Kwa ISO 100 na sehemu ya 160, mwanga wa jua hulazimisha tundu lifungwe hadi karibu f/13. Katika tundu dogo kiasi hicho kila chembe ya vumbi iliyokaa kwenye kihisi huonekana kama doa jeusi angani, na anga tupu haina pa kulificha. Kamera isafishwe kabla ya siku ya maonyesho, na lenzi isibadilishwe uwanjani ndege zikiwa zinapuliza mchanga.

Mkono, jua na joto

Lenzi ya kilo mbili si nzito dukani. Inakuwa nzito saa ya nne ya maonyesho. Stendi ya miguu mitatu haisaidii sana, kwa kuwa ndege hupanda wima na kupinduka. Stendi ya mguu mmoja hufaa kwa kupumzisha mikono kati ya mipito. Wengine huchagua kwa makusudi 100-400 nyepesi badala ya 150-600, wakijua kwamba picha kali ya milimita 400 iliyokatwa kwenye kompyuta inashinda picha ya 600 iliyotikiswa na bega lililochoka. Kamera ya megapikseli 45 ina nafasi kubwa ya kukatwa hivyo. Ya megapikseli 20 ina nafasi ndogo.

Anga nayo hudanganya kamera. Siku ya mawingu meupe, kipima mwanga huona weupe mwingi na kuifanya picha iwe nyeusi, na ndege hubaki kivuli. Kuongeza mwanga kwa hatua moja au zaidi kidogo hurudisha rangi tumboni mwa ndege. Kuna pia mvuke wa joto unaopanda kutoka kwenye lami. Watu wa Ghuba wanaoutazama mpito wa Al Fursan, kikosi cha Umoja wa Falme za Kiarabu kinachomwaga moshi wa rangi katika Dubai Airshow, wanaujua vizuri: ndege ikiwa bado barabarani inaonekana kama imeyeyuka, na hakuna lenzi ya bei yoyote inayoweza kuurekebisha mvuke huo. Picha za kuruka na kutua hupigwa asubuhi. Mchana hungojewa ndege zilizo juu.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki

Nafasi za kupiga ndege hizi zipo pia nyumbani, ingawa ni chache. Jeshi la Anga la Kenya hupitisha F-5 zake juu ya umati katika sherehe za kitaifa, na Mei 2022 liliandaa maonyesho ya anga katika Bustani ya Uhuru, Nairobi. Sherehe zenye mwaliko wa umma ni salama kwa kamera. Kambi za jeshi na viwanja vya ndege ni jambo jingine: kupiga picha maeneo hayo bila kibali kunaweza kumfikisha mtu polisi, na lenzi ndefu ndiyo inayovuta macho ya walinzi kwanza.

Anayenunua mtumba Mombasa, Tanga, Dar es Salaam au Zanzibar achunguze kuvu kabla ya kitu kingine. Unyevu wa pwani huotesha nyuzi nyeupe ndani ya vioo vya lenzi. Washa tochi ya simu, imulike lenzi kutoka nyuma huku tundu likiwa wazi, na nyuzi hizo zitaonekana. Kwa kamera ya kioo, muulize muuzaji shata imepigwa mara ngapi. D500 na 7D Mark II zote zilikadiriwa kuhimili mara 200,000. Pima fokasi kwa kuifuata pikipiki inayokuja barabarani, kwa kuwa kamera iliyochoka huonekana nzima ikipiga ukuta.

Kwa mwenye dola elfu moja hivi, kamera ya APS-C iliyotumika pamoja na 70-300 au 100-400 nyepesi ni mwanzo imara. Mwenye mara tatu ya hizo atafute zumu inayofika 600, kisha kinachobaki akiweke kwenye kamera, kwani kamera itapitwa na wakati miaka mingi kabla ya lenzi. Na yule anayetaka kupiga sherehe moja tu ya kitaifa hana haja ya kununua chochote. Wapiga picha wa harusi wa mjini karibu wote wana lenzi ya 70-200 yenye f/2.8, na baadhi yao hukodisha. Kizidishi cha mara mbili kilichofungwa nyuma yake huigeuza kuwa 140-400 ya f/5.6, fokasi inapungua kasi kidogo na ukali wa picha hupungua kidogo pia. Kwenye kamera ya APS-C, F-5 yenye urefu wa mita 14.4 ikipita mita 400 mbele ya jukwaa, lenzi hiyo ya harusi inachukua mita 24 za anga, na ndege inajaza asilimia 60 ya upana wa picha.